Kusimama Globe, London: tiketi ya bei ya chini ndiyo yenyewe

Ndugu na marafiki wanaokuja London huniuliza waende kuona tamthilia wapi. Siku hizi sina majibu mengi. Nawaambia waende Shakespeare's Globe, ukumbi ulio kando ya mto Thames, uliojengwa upya kwa mfano wa ule wa enzi za mwandishi wa tamthilia Shakespeare, na wakifika kwenye kuchagua tiketi waachane na viti, wachukue ya kusimama.

Wengi hushtuka. Kusimama saa mbili na nusu, pengine hata tatu, halafu ulipie? Ndiyo, ulipie. Kwa miaka mingi tiketi hiyo iliuzwa pauni 5, na hata baada ya bei kupanda kidogo bado hutapata bei kama hiyo kwenye kumbi kubwa za West End, mtaa wa maonyesho katikati ya London, ambako kiti kizuri kinaweza kuvuka pauni 100. Mimi nimewahi kulipa pesa nyingi katika ukumbi mmoja wa huko nikaishia kuona vichwa vya watu na nusu ya jukwaa.

Globe ni jengo la duara la mbao za mwaloni, ghorofa tatu za mabenchi kuzunguka, na katikati uwanja usio na paa. Wenye tiketi za kusimama huwa humo, kama watu 700 hivi uwanja ukijaa, na jukwaa limesogezwa hadi katikati yao. Globe ya kwanza ilijengwa 1599, ikaungua 1613 mzinga uliopigwa katikati ya mchezo ulipowasha paa la nyasi. Hii ya leo ilifunguliwa 1997, si mbali na pale ya zamani ilipokuwa, kwa jitihada za mwigizaji Mmarekani Sam Wanamaker, aliyehangaikia jambo hilo miaka mingi akafariki 1993 kabla ya kuiona imekamilika. Paa lake ni la matete, na mabomba ya kunyunyizia maji yamewekwa juu kabisa, kwani jiji lililoungua 1666 halifanyi mchezo na moto.

Nilipoenda walikuwa wanaigiza Julius Caesar, tamthilia ya kuuawa kwa Kaizari, mtawala wa Roma. Niliwahi mapema nikapata nafasi mbele kabisa, viwiko vyangu juu ya ukingo wa jukwaa. Ilikuwa mchana, jua linawaka, na mwigizaji ananiona kama ninavyomwona. Hakuna giza la kujifichia. Waigizaji walipita katikati yetu, wakitusukuma kwa adabu ili wapate njia, na kwa muda tukawa sisi ndio raia wa Roma.

Ikafika ile sehemu ya mazishi. Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, akatueleza kwa nini alistahili kufa, na watu wakampigia makofi kwa dhati. Kisha Antony, rafiki wa Kaizari, akasogea hadi ukingoni, karibu yangu kiasi kwamba niliona mshipa wa shingo ukimtutumka na mate yakimruka. Akaanza kwa sauti ya chini, akiwatazama watu mmoja mmoja usoni. Haikuchukua muda, bwana mmoja pembeni yangu aliyekuwa amemshangilia Brutus akaanza kupaza sauti kumuunga mkono Antony, na nyuma yake wakafuata wengine. Tukio hilo nilikuwa nimelisoma shuleni katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka 1963, nikalipenda kwa utamu wa maneno. Pale uwanjani nililiona likifanya kazi yake: umati unageuzwa, na mimi nimo ndani ya umati huo. Walioketi ghorofani walilitazama kwa mbali. Ndiyo sababu nasisitiza kusimama.

Aliyezoea taarabu, ambako mtu huinuka mbele ya wote akaenda kumtunza mwimbaji, hatajihisi mgeni hapa. Na Kiswahili chenyewe kimeshasikika kwenye jukwaa hilo. Mwaka 2012 Globe iliandaa tamasha la tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, kundi kutoka Kenya likaleta The Merry Wives of Windsor kwa lugha yetu, na Mrisho Mpoto, mghani wetu wa Tanzania, akacheza Falstaff, yule mzee mnene mwenye vituko katika mchezo huo. Kila nikipita pale nalikumbuka hilo kwa fahari.

Sasa ya kujiandaa. Uwanjani haturuhusiwi kukaa chini mchezo ukiendelea, kwa hiyo vaa viatu ambavyo miguu yako inavijua. Mvua ikinyesha mchezo hausimami, na mwavuli hauruhusiwi kwa kuwa unawaziba wengine. Beba koti la mvua lenye kofia. Helikopta zikipita juu zitameza maneno mawili matatu. Mwenye mgongo au magoti mabovu asijitese, achukue benchi na akodi mto wa kukalia, ila aangalie vizuri kwenye ramani ya viti, maana nguzo mbili kubwa za jukwaani huwaziba baadhi ya waliokaa pembeni.

Michezo ya nje huchezwa kuanzia majira ya kuchipua hadi Oktoba. Tiketi za kusimama za tamthilia zinazojulikana huisha mapema, hivyo nunua wiki kadhaa kabla, na chagua mchezo wa mchana. Milango ikifunguliwa usizubae dukani. Nenda moja kwa moja mbele, kulia au kushoto kwa jukwaa, uegemee.