Unga wa grafiti kwa swichi ya gari inayokwama: unatibu nini na hautibu nini

Kichupa cha grafiti, unga mweusi mkavu wa kulainishia, ni kidogo, gramu 3 hadi 6 tu, na kina mdomo mwembamba unaotosha tundu la ufunguo. Kwa swichi iliyokauka au iliyoingiwa na vumbi, unga huu unashinda mafuta ya aina yoyote. Kwa ufunguo uliolika haufanyi kitu, hata ukimimina kichupa kizima. Wengi wanaousema vibaya waliununua kwa tatizo la pili.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kichupa, shika usukani. Ukiupinda gari likiwa limezimwa, kufuli la stelingi hubanwa, na ufunguo hugoma hata kama silinda, yaani kiini cha swichi kinachoingia ufunguo, ni nzima kabisa. Utikise usukani kushoto na kulia huku unageuza ufunguo kwa mkono mwepesi. Ukilazimisha unaweza kuukatia ndani. Kwa gari la otomatiki, ufunguo ukikataa kurudi na kuchomoka, angalia kama gia imekaa sawasawa kwenye P.

Hatua ya pili ni ufunguo wa akiba, ule usiotumika. Huo ukizunguka laini huku ule wa kila siku ukigoma, kosa ni la ufunguo. Ndani ya silinda kuna vibati vyembamba vya shaba, mara nyingi 7 hadi 10, kila kimoja na springi yake. Ufunguo sahihi huvivuta vyote vikalingana na uso wa silinda. Kimoja kikibaki kimechomoza kidogo tu, hakuna kuzunguka. Ngazi za kina za meno hupishana kwa kama nusu milimita, kwa hiyo jino halihitaji kulika sana ndipo lianze kusumbua. Lichunguze kwenye mwanga: ncha zimekuwa za mviringo, na rangi ya fedha imetoka ikaacha shaba ya njano.

Hapo usichonge kopi ya ufunguo uliolika. Mashine hufuata meno jinsi yalivyo, kwa hiyo unalipia ufunguo mpya wenye uchakavu wa zamani. Mwambie fundi achonge kwa namba ya ufunguo (key code). Namba hiyo mara nyingi iko kwenye kibati kidogo cha chuma kilichokuja na funguo za gari, na kwa magari mengi muuzaji wa chapa huipata kwa namba ya chesisi ukiwa na hati za umiliki. Kama gari lina kinga ya wizi ya kielektroniki, ufunguo mpya unahitaji chipu iliyosajiliwa. Bila hiyo swichi itazunguka vizuri na injini itakataa kuwaka, au itawaka na kuzima papo hapo.

Funguo zote mbili zikigoma, sasa ni zamu ya grafiti, ila kwa sharti moja: silinda iwe kavu. Grafiti ikikutana na mafuta ya zamani hugeuka tope jeusi linalogandisha vibati, na swichi inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Kama swichi imewahi kupuliziwa WD-40 au mafuta yoyote, toa waya hasi wa betri, pulizia mara mbili fupi dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, kisha ingiza na uchomoe ufunguo ukiufuta kwa kitambaa cheupe kila mara. Endelea mpaka kitambaa kitoke safi, hata ikifika mara 15. Dawa hizo nyingi hushika moto, kwa hiyo acha milango wazi, subiri saa nzima, ndipo urudishe waya.

Kiasi cha grafiti ni kubana kichupa mara 1 au 2, basi. Ingiza na uchomoe ufunguo mara 10, uzungushe mara 5, ufute. Ukizidisha unajitafutia balaa, maana grafiti hupitisha umeme na sehemu ya umeme ya swichi iko nyuma tu ya silinda. Tandika kitambaa chini pia. Unga ukiangukia kiti, kuutoa ni kazi.

Kasoro kubwa ya kichupa ni kwamba hakina kipimo: ukibana kwa nguvu kidogo tu, wingu zima linatoka. Ndiyo sababu, hasa kwa swichi iliyokwisha kutiwa mafuta, tunapendelea dawa kavu ya kupuliza yenye PTFE (plastiki inayoteleza, maarufu kama Teflon), ambayo ina mrija, haichafui na haipitishi umeme. Kusaga penseli si mbadala: ndani yake grafiti imechanganywa na udongo wa mfinyanzi, na udongo unaweza kusaga shaba.

Ukiona chembe za njano zinazometa kwenye kitambaa, vibati vyenyewe vinalika, na hakuna unga wala dawa itakayorudisha shaba. Usingoje. Silinda nyingi hutoka kwa kuweka ufunguo kwenye ACC (nafasi inayowasha redio kabla ya injini) na kubonyeza pini ndogo kwa msumari butu wa milimita 2 au 3. Siku ufunguo utakapokataa kufika ACC, njia hiyo imefungwa, na fundi atalazimika kutoboa silinda kwa drili.