Triga za PostgreSQL kwa PL/pgSQL, mimi nazikubali

Wadau, kama una sistimu ya mauzo na mabadiliko ya bei bado unayarekodi upande wa programu tu, zijaribuni hizi triga aisee, yaani kodi inayojiendesha yenyewe ndani ya databezi ya PostgreSQL kila data ya jedwali inapobadilika. PL/pgSQL, lugha ya kuziandikia, inakuja na PostgreSQL yenyewe tangu toleo la 9.0 la 2010 kwa hiyo hakuna cha kuinstoo, unaandika fankisheni, unaifunga kwenye jedwali, basi. Ninachokipenda zaidi ni OLD na NEW, yaani bei ya zamani na mpya zote ziko mkononi, unazitupia kwenye jedwali la kumbukumbu na hata mtu akipitia kwenye databezi moja kwa moja akabadilisha bei kinyemela ananaswa, labda aizime triga yenyewe. Ila kuweni makini na zile za BEFORE, zinazokimbia kabla badiliko halijaingia, ukirudisha NULL (yaani hakuna kitu) ule mstari unarukwa kimya kimya, hakuna ero wala nini, wanaoanza wanateseka sana hapo. PL/Python, yaani kuandika fankisheni kwa lugha ya Python, nayo ipo, tamu kwa mahesabu magumu, lakini fankisheni zake anatengeneza supayuza tu, yule mwenye mamlaka yote kwenye databezi. Nyota 4 kati ya 5, moja nimekata kwa sababu bila kuongeza ekstensheni kudibagi, yaani kusaka makosa, ni RAISE NOTICE (kuchapisha ujumbe) mwanzo mwisho.