yt-dlp kwenye Linux: faili likishashuka linakaa wapi?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo nachambua yt-dlp, ile programu ya kushusha video na sauti kwa kuandika amri kwenye terminali ya Linux. Kasi yake sitaigusa, ubora wa picha pia tuuache kwa siku nyingine. Leo nina swali moja: faili likishashuka, linakaa wapi?

Tazameni hapa kwenye skrini. Nimefungua terminali, niko ndani ya folda ya Documents. Naandika yt-dlp, nabandika linki, nabonyeza Enter. Inashuka... imemaliza. Haya, iko wapi? Humu humu kwenye Documents, katikati ya barua na risiti zangu. Ningekuwa Desktop, ingeshukia Desktop. Programu hii inaweka faili palepale ulipoitia amri.

Kwa mtu wa video moja kwa mwezi hilo halina tabu. Mimi ni kila wiki. Dada yangu anafundisha fizikia sekondari, na masomo yake anayarekodi kwa simu na kuyapandisha YouTube, kisha anayafuta kwenye simu maana imejaa. Shuleni kwake kompyuta zipo, intaneti hakuna. Basi Jumamosi nashusha masomo yake, naweka kwenye flashi, Jumatatu watoto wanayaona. Kila kitu kikitawanyika, Jumapili yangu yote inakwisha kwa kutafuta mafaili.

Dawa ni faili moja la mipangilio. Kwanza mkdir -p ~/.config/yt-dlp, inaunda folda (alama ya ~ ni folda yako ya nyumbani), halafu nano ~/.config/yt-dlp/config, inafungua faili kwenye kihariri cha maandishi. Jina ni config tu, halina nukta wala kiambishi cha mwisho. Ndani naandika hivi:

-P home:~/Videos/Masomo
-P temp:~/.muda-video
-o "%(uploader)s/%(title).100B.%(ext)s"
--windows-filenames

Nahifadhi, natoka. Kuanzia sasa hata niitie amri nikiwa folda gani, video inakwenda Videos, ndani ya Masomo, ndani ya folda yenye jina la aliyeipandisha. Angalieni hiyo V kubwa. Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo, ukiandika videos kwa v ndogo unaundiwa folda nyingine mpya pembeni.

Mstari wa pili ndio ulionifanya niipende programu hii. youtube-dl, iliyoanza mwaka 2006 na ambayo ndiyo chimbuko la hii, haina hiyo -P, inayotaja folda za kuwekea mafaili. Hapa tunatenganisha makao ya faili lililokamilika na mahali pa kazi. Vipande vinavyoendelea kushuka, vile vinavyoishia na .part, vinakaa temp. Kazi ikiisha, faili zima ndilo linalohamia home. Ukifungua folda ya Masomo hukuti nusu nusu, kila unachokiona kinacheza.

Lakini nawaomba sana, temp msiielekeze kwenye /tmp, folda ya mfumo ya mafaili ya muda. Najua maelekezo mengi yanaandika temp:/tmp, na mimi nilifuata hivyo hivyo. Kwenye aina za Linux kama Fedora, na sasa Debian 13, /tmp haipo kwenye diski, ipo kwenye RAM, kumbukumbu ya muda inayofutika mashine ikizimika, na kwa kawaida ukomo wake ni nusu ya RAM yako. Kompyuta ya GB 4 inakupa kama GB 2 hapo. Picha na sauti mara nyingi zinashuka mbalimbali, kisha programu saidizi ya ffmpeg inaziunganisha, na wakati wa kuunganisha vipande vya zamani bado vipo. Kwa hiyo video ya GB 1 inataka karibu GB 2 za nafasi kwa dakika chache. Hapo ndipo unapoona "No space left on device" wakati diski yako ina nafasi tele.

Na kuna umeme. Nilikuwa na bando la usiku, somo refu la mawimbi limefika asilimia 90 na kitu, umeme ukakatika. Kilichokaa kwenye RAM hakingojei umeme urudi. Niliwasha mashine, /tmp ni tupu, bando limekwenda, nikaanza upya. Iliniuma. Tangu siku ile temp yangu ipo kwenye diski, na umeme ukikatika narudia amri ileile, inaendelea pale ilipoishia.

Mstari wa tatu kwa haraka: -o ndiyo inayopanga jina la faili. Ile .100B inakata kichwa cha video kisizidi baiti 100, kwa sababu ext4, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski nyingi za Linux, haipokei jina la faili linalozidi baiti 255, na vichwa vya siku hizi vimejaa vikatuni (emoji), vingi vinakula baiti nne au zaidi.

Wa nne ni kwa ajili ya flashi. Dada yangu anapenda kuita somo "Nguvu ni nini?" Linux haina shida na alama hiyo ya kuuliza, ila flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 au exFAT inaikataa. Hiyo --windows-filenames inabadilisha alama kama hizo mapema, faili linanakiliwa bila ubishi. FAT32 ina jambo jingine: haibebi faili la GB 4 na kuendelea.

Sasa ninachokilalamikia. Ukiandika -o inayoanza na ~/ au /, yaani njia kamili, mistari yako yote ya -P inapuuzwa. Onyo linatoka, ni mstari mmoja tu, unapita juu na kupotea. Kwa maoni yangu ingesimama na kuuliza. Kwa hiyo -o iacheni ianze na jina tu, njia waachieni -P. Na kabla ya kuchoma bando, jaribuni kwanza: yt-dlp --print filename, kisha linki. Haishushi kitu, inakuonyesha njia nzima ambako faili lingekaa.

Ukitaka sauti peke yake iende kwingine, usiguse faili la mipangilio. Kwenye .bashrc, faili la mipangilio ya terminali, weka amri ya mkato: alias sauti='yt-dlp -x --audio-format mp3 -P home:~/Music', maana kinachoandikwa kwenye amri kinashinda kilichomo kwenye config. Na mnaotumia crontab, orodha ya amri zinazojiendesha kwa ratiba kupitia cron, huko alama ya asilimia inasomwa kama mwisho wa mstari, -o yako itavunjika. Ikikaa ndani ya config, cron haiioni kabisa.

Mistari yote minne nimeiweka hapo chini ya video, nakili ubandike, badilisha tu jina la Masomo. Ikigoma, niandikie unatumia Linux ipi na --print filename imekupa nini, nitakujibu.