Mapitio: The William Blake Archive kwa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza sekondari

Vitabu vingi vya shule humpa mwanafunzi shairi la "The Tyger" likiwa maandishi matupu, meusi juu ya karatasi nyeupe. William Blake, mshairi na mchoraji Mwingereza, hakulitoa hivyo. Aliandika maneno na kuchora picha juu ya bamba moja la shaba, kwa kimiminika kisicholiwa na asidi, herufi zikiwa kinyume kama zinavyoonekana kwenye kioo. Asidi ikala shaba iliyobaki wazi, maneno na michoro vikabaki vimeinuka. Akapaka wino, akachapa, kisha yeye na mkewe Catherine wakatia rangi za maji kwa mkono. Anayemfundisha Blake bila ukurasa huo anafundisha nusu ya kazi, na The William Blake Archive, hifadhi ya mtandaoni iliyoanza mwaka 1996, ndiyo inayorudisha nusu ya pili. Ni bure, na huhitaji kujisajili.

Ukifungua Songs of Innocence and of Experience ya mwaka 1794, diwani yenye shairi hilo, hupewi kitabu kimoja. Unaletewa orodha ya nakala, kila moja na herufi yake, maana hakuna nakala mbili zilizotiwa rangi sawasawa, na hata mpangilio wa mashairi hubadilika. Mwalimu mgeni hufungua nakala ya kwanza anayoiona akadhani ndiyo yote. Anza na C na Z, zote mbili mali ya Maktaba ya Bunge la Marekani. C ni ya mwanzo, rangi zake nyepesi. Z ilikamilishwa mwaka 1826, mwaka mmoja kabla Blake hajafariki, na rangi zimekolea. Kwenye ukurasa wa shairi kuna kichupo kinachokusanya chapa zilizotoka bamba lilelile. Kwa mwalimu, hicho ndicho chombo chenye thamani kuliko vyote vilivyomo.

Kwa kipindi cha dakika 40, shairi moja na nakala mbili zinatosha. Dakika 10 za kwanza wanafunzi watazame tu na kuandika wanachokiona, bila kuulizwa maana. Watamwona mnyama chini ya ukurasa, na wengi watashangaa: maneno yanazungumzia moto, nyundo na tanuri, lakini mnyama mwenyewe amesimama mpole, karibu kama mwanasesere. Usikimbilie kuwaeleza. Swali la kwa nini picha inapingana na maneno ndilo litakalobeba kipindi kizima. Jambo moja lisemwe mapema: huyu ni chui milia, mnyama wa Asia. Asipoambiwa, mwanafunzi wetu atawaza chui wa madoa na picha itamchanganya.

Kisha rudini kwenye maneno. Mwanafunzi aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili atahesabu mizani: atapata 7 kwenye mshororo wa kwanza na 8 kwenye wa nne, na atasema mshairi amekosea. Hakukosea. Ushairi wa Kiingereza wa aina hii huhesabu mikazo, yaani silabi zinazotamkwa kwa nguvu, na mishororo yote miwili ina mikazo minne. Pigeni makofi kwenye mikazo, sikio litakubali kabla ya akili. Halafu waulize kilichobadilika kati ya ubeti wa kwanza na wa sita. Ni neno moja tu: "Could" limekuwa "Dare". Swali la uwezo limegeuka swali la uthubutu. Baada ya hapo leta ukurasa wa "The Lamb", shairi linalouliza ubeti wa kwanza na kujibu ubeti wa pili. Kwa chui milia hakuna jibu hata moja. Ni maswali mwanzo hadi mwisho.

Kasoro zipo. Hifadhi hii ilijengwa kwa watafiti, si kwa kidato cha tatu, kwa hiyo usitume kiungo ukategemea wanafunzi wajiongoze. Kila picha ina maelezo ya kila kilichochorwa. Ni mazuri, ila yakisomwa kwanza yanaua zoezi la kutazama. Maandishi yaliyonakiliwa hufuata tahajia na alama za Blake mwenyewe, ambazo si lazima zilingane na kitabu cha kiada. Waambie hivyo mapema, vinginevyo nusu ya kipindi itaishia kwenye kubishania koma. Picha kubwa nazo hula bando. Zipakue siku moja kabla na usitegemee mtandao darasani.

Kuhusu kuchapa: bamba la "The Tyger" lina urefu wa sentimita 11 hivi, kwa hiyo karatasi moja ya A4 hubeba picha nne kwa ukubwa wake halisi. Chapeni kwa ukubwa huo, mwanafunzi aone Blake aliandika herufi ndogo kiasi gani. Projekta ya bei nafuu hufifisha rangi, ilhali wahariri wa hifadhi wamejitahidi kuzisahihisha zifanane na karatasi ya asili. Kama printa ni ya wino mweusi pekee, achana na kulinganisha C na Z. Tumia "The Chimney Sweeper" (mfagia mabomba ya moshi) mbili, ya sehemu ya Innocence yenye mishororo 24 na ya Experience yenye 12, kwa sababu hapo mchoro wenyewe unasema hata bila rangi: wa pili una mtoto peke yake kwenye theluji na gunia la masizi mgongoni. Ongeza kwamba sheria ya Uingereza ya mwaka 1788 ilikataza kumfanya mwanagenzi wa kazi hiyo mtoto chini ya miaka 8, na waache wapige hesabu ya umri wao wenyewe.

Masharti ya matumizi hutegemea jumba linalomiliki kila nakala. Yasomeni kabla ya kuweka picha kwenye kijitabu cha kuuza.