Loop Habit Tracker: daftari la tabia lisilokula bando, na namna ya kulipanga

Programu za kufuatilia tabia zimejaa Play Store, na ukishajaribu mbili tatu unajua mchezo wao: kwanza fungua akaunti, halafu tangazo, halafu ukitaka kuongeza tabia ya nne au ya tano unaambiwa ulipie. Loop Habit Tracker haina mambo hayo. Ni ya bure mwanzo mpaka mwisho, haina matangazo, haitaki akaunti, inafanya kazi simu ikiwa haina bando kabisa, na kumbukumbu zako zinabaki ndani ya simu. Mwandishi wake ni Álinson Santos Xavier akisaidiwa na watu wanaojitolea. Msimbo uko wazi chini ya leseni ya GPLv3, na asiyetaka Play Store ataipata F-Droid, duka la programu za msimbo wazi. Ni ya Android tu. Mwenye iPhone hana chake hapa.

Ila ubure peke yake si sifa. Sababu ya kuipendekeza ni hesabu yake.

Programu nyingi za aina hii zinahesabu mfululizo: siku 40 bila kukosa, ukikosa moja unarudi sifuri. Hesabu hiyo ina ukatili ndani yake. Aliyekosa siku ya 41 anaona kazi yote imekwenda na maji, anasema ataanza upya mwezi ujao, na mwezi ujao haufiki. Loop nayo inaonyesha mfululizo, lakini imeuweka pembeni. Kinachopewa nafasi ya mbele, kile kiduara kilicho kando ya jina la tabia, ni nguvu ya tabia kwa asilimia. Ukitimiza inapanda kidogo, ukikosa inashuka kidogo, na siku za karibuni zina uzito kuliko za zamani. Tabia ya kila siku isiyokoswa hufika 80% mwezi ukiisha, 96% baada ya miezi miwili na 99% baada ya mitatu.

Sasa kosa siku moja uone. Aliyekuwa kwenye 80 anashuka hadi karibu 76, na siku nne za kutimiza zinamrudisha alipokuwa. Aliyekuwa kwenye 96 anaangukia 91, na kurejea 96 kutamchukua kama wiki mbili, maana kadiri unavyokaribia juu ndivyo kila tiki inavyoongeza kidogo zaidi. Lakini hakuna mtu anayetazama 91 akavunjika moyo. Ukiacha moja kwa moja, asilimia inakatika nusu kila baada ya siku 13. Kwa hiyo siku moja ya mafua inaacha mkwaruzo mdogo tu, ila wiki mbili za uzembe zinajianika zenyewe. Ndivyo inavyotakiwa iwe.

Hesabu hiyo inaendana na yanayojulikana. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 wakijenga tabia moja kila mmoja, wakachapisha matokeo mwaka 2010: muda wa kati mpaka tendo lianze kujiendesha lenyewe ulikuwa siku 66, wa haraka zaidi siku 18, na wa polepole zaidi alikadiriwa kuhitaji siku 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Zile “siku 21” za kujenga tabia zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp ziachwe hukohuko.

Tukija kwenye kupanga, hapa ndipo watu wanapoiharibu programu halafu wanailaumu. Ukigusa alama ya kujumlisha unaulizwa aina ya tabia: ya ndiyo na hapana, au ya kupimika. Mgeni anakimbilia ya kupimika, anaandika “mazoezi, dakika 45”, kila siku. Wiki ya pili mstari wake una misalaba mitupu. Anza na ya ndiyo na hapana, na tendo liwe dogo kiasi kwamba hata siku umerudi nyumbani hoi unalimaliza: kuvaa raba na kutoka nje ya geti, pushapu tano, kurasa mbili, shilingi 500 kwenye kibubu. Ukizidisha ni heri, lakini tiki inapatikana kwa hicho kidogo.

Kuna sababu nyingine ya kujiepusha na tabia ya kupimika, na hii haionekani mpaka ikugonge. Ukibadilisha lengo la tabia ya kupimika, Loop inapiga hesabu upya ya historia yote kwa lengo jipya. Ulikuwa unapiga pushapu tano kila siku kwa miezi miwili, uko kwenye 96. Ukipandisha lengo hadi 20, siku zote zilizopita zinasomeka kama robo ya kazi na asilimia inaporomoka. Hakuna kilichoharibika kwenye simu, ndivyo ilivyoundwa. Dawa yake ni kuipeleka tabia ya zamani kwenye kumbukumbu zilizofichwa, ambako data zake zinabaki, na kuanzisha mpya yenye lengo jipya. Au uendelee na ndiyo na hapana, idadi uiandike kwenye dokezo la siku hiyo.

Sehemu inayodharauliwa kuliko zote ni ile ya kuandika swali. Wengi wanaiacha tupu. Maneno utakayoweka humo ndiyo yatakayotokea kwenye kikumbusho, kwa hiyo usiandike “Umesoma leo?” Andika kitu kinachoifunga tabia mpya kwenye jambo ambalo tayari unalifanya bila kukumbushwa: “Umemaliza Alfajiri? Kurasa mbili kabla ya kukunja mswala.” “Chai iko mezani? Dawa ya presha kwanza.” “Umetua begi la kazini? Raba ziko mlangoni.” Kisha raba ziwe mlangoni kweli. Programu haiwezi kukusogezea vitu, na nusu ya kazi ya kujenga tabia ni kusogeza vitu.

Kikumbusho ni kimoja tu kwa kila tabia. Anayemeza dawa mara mbili kwa siku atengeneze tabia mbili. Saa ya kikumbusho iwekwe dakika chache baada ya lile jambo ulilolifungia tabia, isiwe kabla. Kikilia ukiwa umebanwa kwenye daladala, utakifuta kwa kidole na huo ndio mwisho wake. Kwa tabia ya ndiyo na hapana, arifa inakuja na vitufe vya ndiyo na hapana, hivyo hulazimiki hata kufungua programu. Kwa tabia ya kwanza wijeti inafaa zaidi: iweke skrini ya mwanzo, gusa mara moja, imekwisha.

Lalamiko kubwa utakalolisikia ni kwamba kikumbusho hakilii. Mara nyingi kosa si la Loop. Simu nyingi za bei ya chini na ya kati zinabana betri kwa kuziua programu zilizolala. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta Loop katika orodha ya programu, fungua sehemu ya betri na uiondolee vizuizi. Kama simu ina ruhusa ya programu kujiwasha yenyewe, ikubali. Kuanzia Android 13 angalia pia kama umeiruhusu kutuma arifa, kwa sababu aliyegusa “hapana” siku ya kwanza ameshasahau. Usijaribu kwa kikumbusho cha dakika mbili mbele, hicho kitalia tu. Weka cha alfajiri, uiache simu ilale usiku kucha. Kikilia, umepona.

Ratiba si lazima iwe ya kila siku. Unaweza kuweka kila baada ya siku kadhaa, au mara kadhaa kwa wiki au kwa mwezi. Ukiweka mara tatu kwa wiki na ukazitimiza, siku zilizobaki zinajazwa tiki hafifu, na nguvu ya tabia haishuki kwa sababu ya siku hizo. Ila inapanda polepole kuliko ya kila siku, usishangae.

Kwenye mipangilio ya programu yenyewe kuna swichi tatu za kuwasha kabla ya lolote. Ya kwanza inaruhusu siku za kurukwa: siku iliyorukwa haipandishi wala haishushi asilimia, na mfululizo haukatiki. Ya pili inaonyesha alama ya kuuliza pale ambapo hukujaza chochote, ili “nilisahau kuandika” isichanganywe na “sikufanya”. Ya tatu inaichelewesha siku mpya mpaka saa 9 usiku, na kwa anayefunga duka saa 5 usiku na kulala saa 7 ni lazima, la sivyo tiki yake ya usiku itaingia kwenye siku ya kesho. Hiyo ya kuruka ina mtego. Amua mapema ni nini kinachoruhusu kuruka, kwa mfano safari, ugonjwa, hedhi kwa tabia zinazohusika, na uandike kwenye maelezo ya tabia. Bila hivyo uchovu wa Jumatatu nao utajipatia ruhusa.

Kwenye kuacha tabia mbaya, Loop ni dhaifu zaidi, na ni vizuri kuusema ukweli huo. Inajua kile ulichojaza tu. “Leo sijavuta” inajazwa usiku, wakati jaribu lilipita mchana. Njia inayofanya kazi ni kugeuza kuacha kuwe kutenda, kitendo kimoja chenye saa na mahali. Badala ya “sitaperuzi kitandani”, tabia iitwe “chaja iko sebuleni”, kikumbusho saa 3:30 usiku, tiki inawekwa pale unapochomeka simu, kisha unaondoka. Anayehofia kukosa kengele ya asubuhi anunue saa ya mezani.

Mfano wa sukari unaonyesha programu inapofaa na inapokwama. Chukua mtu wa vikombe vitatu vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja: vijiko tisa, kama gramu 36 ukihesabu gramu 4 kwa kijiko cha chai kilichosawazishwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi za matunda, iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na linaona ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25, vijiko sita hivi. Akiikata yote siku moja, chai inakuwa dawa na Ijumaa amerudi kwenye vitatu. Apunguze nusu kijiko kwa kikombe na kukaa hapo wiki mbili mpaka ulimi uzoee: viwili na nusu, viwili, kimoja na nusu, kimoja. Wiki nane.

Loop ina tabia ya kupimika yenye kikomo cha juu, na inaonekana kama imetengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini kila utakaposhusha kikomo, wiki zilizopita zitasomeka kama umekizidi, kwa sababu ileile ya hesabu kupigwa upya. Hapa ndiyo na hapana inashinda tena: “Nimefuata kipimo cha sukari”, na kipimo cha wiki kiwe kwenye maelezo. Kikomo cha juu kibaki kwa kitu kisichobadilika, mfano soda mbili kwa wiki, na ujaze namba hata siku ya sifuri. Kopo la sukari nalo lihamie jikoni, lisikae mezani. Kusimama na kwenda kulifuata kunapunguza sukari kuliko kikumbusho chochote.

Anayekunywa pombe nyingi kila siku asiitumie programu hii kuacha ghafla. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa mkupuo unaweza kutetemeka mpaka kifafa, na hilo ni la hospitali.

Tabia ngapi? Tatu. Skrini inabeba zaidi, na hakuna anayekuzuia kuweka kumi, lakini mistari kumi yenye misalaba sita kila jioni ni ripoti ya kushindwa uliyojiandikia mwenyewe. Ongeza ya nne pale moja ya zile tatu inapovuka 80. Na kama tabia ni ya nyumba nzima, watoto kupiga mswaki kabla ya kulala kwa mfano, kalenda ya ukutani na kalamu ya rangi vinaishinda Loop, kwa kuwa kila mtu anaiona na mtoto anaweka tiki kwa mkono wake.

Upungufu wake mkubwa unatokana na sifa yake ileile ya kukaa ndani ya simu. Haiunganishi simu mbili na haina toleo la kompyuta. Simu ikiibiwa au ukiiondoa programu bila nakala, miezi imekwenda. Mipangilioni kuna kutoa nakala kamili, inayotoka kama faili moja la .db, na kutoa CSV inayofunguka kwenye Excel. Ya kurejeshea ni ile ya kwanza, na wengi wanahifadhi CSV wakidhani wako salama. Itume faili ya .db kwenye barua pepe yako, na ukiweka “nakala ya Loop” kama tabia ya mara moja kwa mwezi, programu itakukumbusha yenyewe.