Betri za sola: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mtu akienda kununua sola, macho yote huwa kwenye paneli. Atauliza wati, atauliza ilikotengenezwa, atagonga kioo kwa kidole. Betri atachukua ile itakayotosha pesa iliyobaki. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Paneli nzuri hupoteza takriban nusu asilimia ya nguvu kwa mwaka, na baada ya miaka 25 bado itakuwa inatoa zaidi ya asilimia 80. Katika miaka hiyohiyo utanunua betri mara tatu, au mara kumi na tano, kutegemea uamuzi wa siku ile ya kwanza.

Kwa hiyo usilinganishe bei za betri jinsi zilivyobandikwa. Linganisha bei ya umeme ambao betri itakupa mpaka ife. Hesabu yenyewe ni hii: volti mara Ah (ampea-saa, ujazo ulioandikwa kwenye betri), mara sehemu unayoruhusiwa kutumia, mara idadi ya mizunguko ya kuchaji na kutumia. Gawanya kwa 1,000, upate uniti. Kisha chukua bei uliyotajiwa, igawanye kwa uniti hizo.

Kabla ya kuchagua, jua matumizi yako. Taa nne za wati 7 kwa saa 5 ni wati-saa 140. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4 ni 160. Simu tatu ni kama 45. Jumla 345. Sasa ongeza kitu ambacho wengi hukisahau: inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa soketi, inakula hata kama hakuna kilichochomekwa. Ikila wati 10 tu mchana kutwa na usiku kucha, ni wati-saa 240, mara moja na nusu ya televisheni. Izime usipoitumia, na taa zifunge za moja kwa moja kwenye betri. Tukadirie basi wati-saa 400 kwa siku, na betri ihimili siku mbili za mawingu, yaani 800. Zifuatazo zote zinatosha nyumba hiyo, isipokuwa ya mwisho.

1. Lithiamu ya chuma na fosfeti (LiFePO4)

Ya volti 12.8 na Ah 100 ina wati-saa 1,280. Ukitumia asilimia 80 unapata 1,024 kwa mzunguko, na betri ya kawaida ya aina hii hufika mizunguko 3,000. Hizo ni zaidi ya uniti 3,000. Haihitaji maji, haitoi gesi, na haiharibiki ikikaa wiki nzima bila kujaa.

Bei yake hushtua, lakini fanya ule mgawanyo kwanza.

Kinachoisumbua si kuchakaa, ni ufungaji mbaya. Ndani yake kuna bodi ya ulinzi inayokata umeme mambo yakizidi. Bodi ya ampea 100 inabeba wati 1,280 tu, kwa hiyo ukiifungia inveta ya wati 2,000 na kuwasha pasi, itakata, na utadhani betri ni mbovu. Ikiishiwa kabisa, bodi hukata na mita husoma sifuri. Hapo pia haijafa: inahitaji kuamshwa na chaja inayoweza kuanza bila kuona volti. Kwenye chaji kontrola (kifaa cha kati ya paneli na betri) chagua mpangilio wa lithiamu, kati ya volti 14.2 na 14.4, na hakikisha ule uchaji wa nguvu wa kusawazisha betri za asidi (za risasi, namba 2 hadi 4 hapa chini) umezimwa. Tena, isichajiwe ikiwa na baridi chini ya nyuzi sifuri.

2. Betri ya maji ya sola, yenye sahani za mirija (tubular)

Ah 150 kwa volti 12 ni wati-saa 1,800, lakini unatumia nusu tu: 900. Ikitunzwa hufika mizunguko 1,200, yaani uniti kama 1,080. Tunaiweka ya pili kwa sababu inaweza kuokolewa. Unaifungua vifuniko, unaona hali ya kila chumba, unarekebisha.

Lakini neno "ikitunzwa" lina uzito. Kila mwezi angalia kina cha maji. Ongeza maji ya betri (distilled water), kamwe usiongeze asidi. Kinachopungua betri inapochaji ni maji, asidi inabaki palepale. Ukiongeza asidi unazidisha ukali na sahani zinaliwa. Jaza baada ya kuchaji, si kabla, kwa kuwa maji hupanda wakati wa kuchaji na yatamwagika. Ila kama sahani zimeshaonekana, weka kiasi cha kuzifunika tu, chaji, kisha malizia. Ukiwa na haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, chumba kilichojaa chaji husoma kama 1.265 hadi 1.280. Kimoja kikisoma chini sana kuliko vingine vitano, hicho ndicho kinachovuta betri nzima.

Iweke mahali penye hewa, mbali na moto, maana inatoa haidrojeni. Na isilale na njaa: betri ya asidi iliyoachwa siku kadhaa ikiwa nusu huanza kuota chumvi ngumu ya risasi kwenye sahani, na chumvi hiyo ikikomaa haitoki tena. Ikipumzika, volti 12.7 imejaa na 12.1 iko nusu. Chaji kontrola nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kukata karibu na volti 11, chini mno. Pandisha iwe 11.8.

3. Betri kavu, AGM na jeli

Kwa ukubwa uleule wa Ah 150, AGM ya kawaida (asidi yake imefyonzwa kwenye mkeka) hutoa mizunguko kama 500 ukitumia nusu, yaani uniti 450. Jeli huizidi kidogo. Inafaa pale ambapo hakuna mtu wa kukagua maji na lithiamu haipatikani. Adui zake ni joto na chaji kali. Kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata umri wa betri ya risasi karibu nusu, kwa hiyo usiiweke chini ya bati. Jeli usiipitishe volti 14.2: hufanya mapovu ndani ya jeli, na mapovu hayo hayaondoki.

4. Betri ya gari

Sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa mkupuo wa sekunde chache wa kuwashia injini. Ukiikamua kila usiku itakufa ndani ya miezi. Usinunue, hata ukiuziwa nusu bei.

Dukani

Nenda na mzani, au angalau inyanyue. Betri ya risasi ya Ah 200 halisi ina uzito wa kilo 55 na zaidi. Iliyoandikwa 200 ikiwa na kilo 35, maandishi ndiyo yanayodanganya. Lithiamu ya Ah 100 huwa kilo 10 hadi 13, nayo ipime kwa mzigo: wati 100 inapaswa kuzibeba karibu saa 12. Paneli ipime kwa futi kamba: mita moja ya mraba hutoa wati 200 hadi 230. Ukiona ya mita moja imeandikwa 400, iache. Kwa nyumba yetu ya wati-saa 400, paneli ya wati 150 hadi 200 inatosha.

Chaji kontrola nayo inataka umakini, hasa ukinunua paneli kubwa. Chukua paneli ya wati 400, volti 31, ampea 12.9. Kwa kontrola ya PWM, inayoiunganisha paneli moja kwa moja na betri, inavutwa hadi volti ya betri: 13 mara 12.9, unabaki na wati 168. Zilizobaki umezilipia bure. Paneli ya namna hiyo inataka kontrola ya MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea. PWM ibaki kwa paneli ndogo za volti 18.

Waya nao: paneli yako ikiwa mita 10 mbali, waya wa shaba wa milimita 4 za mraba hupoteza volti 1.1 kwenye ampea 12.9. Wa 2.5 hupoteza 1.8. Fyuzi ikae karibu kabisa na nguzo chanya ya betri. Unapofunga, unganisha betri na kontrola kwanza, paneli baadaye. Unapofungua, paneli itoke kwanza.

Paneli yenyewe ioshe asubuhi ikiwa baridi, kwa maji matupu na kitambaa laini. Iache na mwinamo wa angalau nyuzi 10 ili mvua isibakize tope ukingoni, na kata tawi linaloitupia kivuli: jani moja pana likifunika seli moja laweza kuzima theluthi nzima ya paneli.