Sarafu Nne Mkononi: Kanuni za Fedha katika Blades in the Dark

Kundi letu lilianza kutafuta kanuni nyepesi za fedha baada ya jioni moja ya kugawana nyara. Tulikuwa tukicheza toleo la tano la mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons, na sanduku la majambazi tuliowashinda lilikuwa na sarafu 347 za shaba, 86 za fedha, 19 za elektramu na 52 za dhahabu. Kwa kuwa shaba 10 ni fedha moja, fedha 5 ni elektramu moja, na elektramu 2 ni dhahabu moja, tulitumia karibu robo saa kugundua kwamba kila mmoja wetu wanne alistahili dhahabu 18, fedha 3 na shaba 9, huku shaba moja ikibaki bila mwenyewe. Kiswahili nacho kilituongezea mzigo, maana kila aliyesema “nina fedha” aliulizwa kama anamaanisha madini au pesa.

Blades in the Dark, mchezo wa John Harper uliochapishwa mwaka 2017, hauna hesabu ya namna hiyo. Wachezaji ni genge la wahalifu katika mji wa giza wa Doskvol, na kinachoitwa sarafu humo si kipande cha chuma bali ni kipimo: sarafu moja ni sawa na mfuko uliojaa vipande vya fedha, yaani ujira wa wiki, na nne ni ujira wa mwezi. Mhusika haruhusiwi kushika zaidi ya sarafu 4. Zinazozidi ama azitumie, ama aziweke katika akiba yake, ama azipeleke katika hazina ya genge, ambayo mwanzoni nayo hubeba 4 tu. Chakula, nauli na vinywaji havihesabiwi hata kidogo, na vifaa vya kazi havinunuliwi kimoja kimoja.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba kila sarafu ina kazi inayoonekana. Kati ya dili moja na jingine, mhusika hupata nafasi mbili za kufanya shughuli zake, kama vile kutibiwa au kufanya mazoezi, na sarafu moja humnunulia nafasi ya ziada au huinua matokeo ya shughuli kwa ngazi moja. Genge linalotaka kupanda daraja hulipa mara 8 ya daraja jipya, kwa hiyo daraja la pili linahitaji sarafu 16, na hapo ndipo watu waliokuwa wakichekeana huanza kuulizana nani ana nini mfukoni.

Akiba ndiyo kanuni bora kuliko zote. Ina visanduku 40 kwenye karatasi ya mhusika, na ukitaka kutoa sarafu moja ni lazima ufute visanduku viwili. Siku mhusika anapostaafu, idadi hiyo ndiyo huamua mwisho wake: hadi 10 huishia mitaroni, 11 hadi 20 hupata kibanda chake mwenyewe, 21 hadi 39 hupata makao ya kawaida yenye starehe kidogo, na 40 huishi vizuri. Mwenzetu mmoja alikuwa na visanduku 22 na jeraha lililohitaji kutibiwa mara moja zaidi kabla ya dili lililokuwa mbele yetu. Maisha yake ya kila siku yasingebadilika, kwa sababu hupimwa kwa safu zilizojaa visanduku kumi kumi, lakini nyumba ya uzeeni ingegeuka kibanda. Alishika kifutio kwa muda mrefu, kisha akafuta viwili. Sijawahi kuona mtu akisita hivyo kwa ajili ya dhahabu 18.

Hata hivyo, siwashauri wanaocheza safari za mapangoni wazihamishe kanuni hizi kama zilivyo. Katika Dungeons & Dragons ya mwaka 2014, sarafu 50 zina uzito wa ratili moja, kwa hiyo dhahabu 1,500 za kununulia deraya kamili zina uzito wa ratili 30, na kuamua nini kiachwe gizani ni sehemu ya utamu wenyewe. Ukiuondoa uzito huo, hazina hugeuka tarakimu tu.

Kwa mapango tumeazima dadu ya matumizi kutoka The Black Hack, mchezo mwingine wa aina hii, ambako hutumika kwa vitu vinavyoisha, kama mienge na mishale, nasi tukaipa kazi ya mfuko wa pesa. Kila baada ya kununua, hurushwa. Ikitoka 1 au 2, unashuka hadi dadu ndogo zaidi, na ikitokea hivyo kwa dadu ya pande 4, mfuko ni mtupu. Mwanzoni tuliirusha kwa kila kitu, hata kamba, na tajiri wetu akafilisika kabla hajafika pangoni. Sasa tunairusha kwa manunuzi makubwa tu, na mwendesha mchezo hutaja mapema yapi ni makubwa.